Watamu hadi Malindi kwa miguu, peke yako: Zijue saa za maji, na ujue pa kutokea

Kila nikisema kwamba nilitembea ufuoni kutoka Watamu kwenda Malindi peke yangu, watu huniuliza maswali mawili. La kwanza: kwani matatu ziligoma? La pili: hukuogopa? La kwanza nalicheka. La pili linastahili jibu, kwa sababu niliogopa kweli, ila si pale watu wanapodhani. Vijana wa ufuoni hawakunitisha, wala mbwa. Niliogopa saa tisa na dakika kumi mchana, nimesimama kwenye kipande cha mchanga kisichozidi upana wa kitanda, ukuta wa mawe mkono wa kushoto, bahari mkono wa kulia, na njia niliyoijua tangu utotoni imefungwa kwa lango la chuma.

Nitafika hapo. Kwanza nieleze safari yenyewe, kwa maana wengi wameniomba, na wengine wataifanya hata nisipoeleza.

Hakuna njia iliyochongwa wala kibao cha kukuelekeza. Unashuka ufuoni pale kijijini Watamu, unaikabili bahari, kisha unageukia kushoto. Toka hapo bahari inakuwa mkono wako wa kulia siku nzima, mpaka uione Nguzo ya Vasco da Gama juu ya mwamba wake Malindi, ile nyeupe yenye msalaba, ukumbusho wa Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498. Ndege akiruka moja kwa moja ni kama kilomita 18. Wewe huruki, unafuata kila ghuba na kila rasi, kwa hivyo hesabu kilomita 20 na zaidi. Katikati yake utapita Jacaranda, ambako maji yakipwa bahari huacha visima na vilima vya mchanga mweupe mpaka mbali, kisha sehemu ndefu zisizo na mtu, kisha Mayungu kijiji cha wavuvi, kisha Casuarina na ufuo wa hifadhi ya baharini. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, kwa hivyo kombe na matumbawe utayaangalia kwa macho tu. Usitie kitu mkobani.

Kwa mtu aliyezoea kutembea, kilomita 20 si kitu. Watoto wengi wa bara hapa Kilifi wameshatembea zaidi ya hizo kwa sababu ya shule na maji. Ugumu wa safari hii uko kwenye saa.

Mtu anayetembea barabarani huangalia jua. Anayetembea ufuoni huangalia maji, na maji hayafuati saa ya ukutani. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 zinatokana na mwezi, ambao nao unasogea huku dunia ikizunguka, kwa hivyo kila siku tunachelewa kidogo kuufikia. Ikiwa leo maji yamepwa saa tatu asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa nne. Wavuvi wetu wanalijua hili bila kitabu. Ukimuuliza mzee yeyote bandarini atahesabu tarehe za mwezi kwa vidole na kukupa jibu.

Halafu kuna bamvua na maji mafu. Mwezi unapokuwa mchanga na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Hiyo ndiyo bamvua: maji hujaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje na hupwa mpaka mwambani. Kwetu hapa tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hufika mita 3 na kupita. Mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na tofauti hiyo hushuka mpaka mita 1 hivi. Hayo ndiyo maji mafu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wageni wengi hawalijui na ambalo linaifanya safari hii iwezekane. Kwa kuwa bamvua huja na mwezi wa umri uleule kila mara, huja pia na saa zilezile. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Mwezi baada ya mwezi ni hivyo. Kwa hivyo siku za bamvua unapewa ufuo mpana na mgumu kuanzia asubuhi mpaka mchana. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, lakini kwa kuwa hayapandi sana, mara nyingi huacha ukanda wa mchanga pale juu. Ukanda huo ni mkavu na laini, na mguu huzama. Waliopima nguvu za mwili wanasema kutembea kwenye mchanga laini kunakula zaidi ya mara mbili ya nguvu unazotumia kwenye ardhi ngumu. Mimi sikuhitaji kupimwa. Magoti yaliniambia.

Siku yangu ilikuwa moja baada ya mwezi mpevu. Jedwali la maji la bandari ya Mombasa lilisema maji yatapwa kabisa saa tano kasorobo. Nilitoa muda wa saa tatu na robo kabla ya hapo, nikaanza Watamu saa moja na nusu asubuhi. Kisha nikaongeza muda huohuo baada ya kupwa, nikapata saa nane mchana, na ndiyo saa niliyotakiwa niwe nimefika Malindi. Muda wa saa sita na nusu, kilomita 20 na kitu, pamoja na kupumzika. Inatosha, lakini haibaki.

Hesabu hii ya muda ina siri yake, nayo ndiyo iliyonikamata. Maji hayapandi sawasawa. Ukigawa upandaji wote mafungu 12, muda wa saa ya kwanza baada ya kupwa bahari hupanda fungu 1 tu. Ya pili, mafungu 2. Ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake ni kwamba ukitazama bahari muda mfupi baada ya kupwa, utaona kama haitaki kurudi. Utakaa, utakunywa chai. Halafu saa ya tatu na ya nne inakuja kwa kasi. Kwenye bamvua ya mita 3, hiyo ni sentimita 75 za kimo kwa muda wa saa moja. Ufuo wenye mteremko mdogo, ambapo unashuka mita 1 kwa kila hatua 20, unapoteza hatua 15 za upana wake ndani ya muda huo huo mmoja.

Kuhusu mzigo sitakuchosha. Lita 4 za maji, kwa maana kati ya Jacaranda na Mayungu usitegemee kununua. Tende, karanga, mahamri. Viatu vya raba vilivyochakaa vyenye soli ngumu, kwa sababu utapita juu ya mwamba na hutaki kukanyaga wale wenye miiba mieusi ukiwa na ndara. Leso mbili: moja ya kichwani, ambayo unailowesha baharini kila ukipata nafasi, na moja ya kukalia, kujifutia na kubebea. Simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Jambo moja tu nilitamani mtu angeniambia: ufuo umeinama upande mmoja, kwa hivyo siku nzima mguu wa kulia uko chini na wa kushoto uko juu. Kufikia Jacaranda kiuno kilikuwa kimeanza kulalamika. Tembea karibu na maji, pale mchanga ulipo bapa na mgumu, na hapo pia utapata upepo.

Upepo nao una msimu wake. Wakati wa kusi unakusukuma kwa mgongoni na ubavuni, lakini mwani umejaa ufuoni na bahari inapiga kwa nguvu. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na upepo unakuja usoni, pamoja na jua la asubuhi, kwa kuwa muda mwingi unaelekea upande wa mashariki.

Na kwenda peke yako? Kaka yangu alitaka kunitafutia kijana wa kunisindikiza. Nilikataa, na sijutii. Ukiwa na mwenzako unamsikiliza yeye. Ukiwa peke yako unamwona kaa anavyotoa mchanga shimoni chembe kwa chembe, unasikia mwamba unavyonyonya maji, na kwa muda mrefu pale kati hakuna mtu anayekuita mama fulani. Mwanamke wa umri wangu akitaka kukaa kimya kwa muda wa saa nne lazima aumwe au asafiri.

Lakini upweke una bei yake, na bei yenyewe ni kwamba hakuna wa kukukosoa. Ukipiga hesabu vibaya, hesabu inabaki vibaya. Ndiyo maana nilimwachia kaka yangu karatasi: saa ya kuondoka, saa ya kufika Mayungu, saa ya kufika Malindi, na maagizo kwamba nisipopiga simu kufikia saa tisa aanze kunitafuta kuanzia Mayungu, si kuanzia Watamu.

Mayungu nilifika saa sita kasorobo, muda wa saa moja tu baada ya maji kupwa. Ngalawa zilikuwa zimelala mchangani, na nyuma yake bahari ilikuwa mbali na tulivu. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na jua hili?”

“Watamu.”

“Kwa gari?”

“Kwa miguu.”

Akaacha wavu. Basi yakaanza mazungumzo, ikaja chai, ukaja wali na samaki wa kupaka kutoka nyumbani kwake, na mkewe akataka kujua nina watoto wangapi na kama wanajua mama yao yuko wapi. Nilikuwa na robo saa ya kupumzika. Nilikaa muda wa saa moja na nusu. Mzee mwenyewe ndiye aliyetazama bahari, akasema, “Mwanangu, kama wenda Malindi, nenda sasa. Au panda pikipiki.” Nikacheka. Bahari si ile pale, mbali?

Niliondoka saa saba na robo. Ilikuwa muda wa saa mbili na nusu tangu maji kupwa, yaani nilitia mguu njiani wakati uleule bahari ilipoanza kukimbia. Mchanga mgumu ukamezwa, nikasukumwa kwenye mchanga laini. Pale palipo na mwamba ilibidi nipande juu badala ya kupita chini yake. Karibu muda wa saa mbili za kutembea zikanipa kilomita nne na kitu. Halafu ufuo ukaingia kwenye kuta.

Kuta hizi unazijua. Mwenye ploti ya ufuoni anaona bahari inakula mchanga wake, anajenga ukuta wa mawe. Wimbi likigonga ukuta halina pa kufia, linarudi na mchanga, na ufuo ulio mbele ya ukuta unazidi kushuka. Jirani naye anajenga. Mwishowe, maji yakijaa, hakuna ufuo. Maji yanagusa mawe.

Sikuwa na wasiwasi bado, kwa sababu nilijua njia. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiletwa pale sikukuu, tunashuka kupitia kichochoro cha mchanga kati ya michongoma miwili mpaka baharini. Nilikikuta kichochoro. Michongoma ilikuwa imegeuka kuta, na kati yake lango la chuma, kufuli kwa ndani.

Niligonga. Akaja mlinzi, kijana wa heshima kabisa.

“Mama, hapa hapapitwi.”

“Hii ni njia ya watu, mwanangu. Nimepita hapa kabla hujazaliwa.”

“Huenda. Lakini nimeambiwa nisifungue. Nikikufungulia, kazi yangu imeisha.”

Hapo ndipo nilipopiga hesabu ya pili ya siku ile. Maji yangejaa kabisa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Kilichobaki kabla ya kujaa kilikuwa muda wa saa moja na dakika 45, na bahari hurudi kwa muda ileile iliyojia, kwa hivyo mchanga niliokuwa nimeukanyaga ungeonekana tena saa kumi na mbili na dakika arobaini. Giza. Nyuma yangu, mwamba niliotokea ulikuwa tayari unapigwa na mawimbi. Mbele, ukuta baada ya ukuta. Nilimpigia kaka yangu, naye alikuwa ameshatoka nyumbani kama tulivyokubaliana. Tatizo ni kwamba angefika barabarani, upande wa pili wa lango lilelile.

Nilipanda juu ya mawe ya msingi wa ukuta, nikakaa na leso yangu, maji yakinipiga miguuni. Yule kijana hakuondoka. Alipiga simu, akapiga tena, akamtafuta mtu wa kumpa ruhusa. Karibu na saa kumi alirudi na ufunguo. Alinipitisha kando ya jikoni haraka haraka kama mtu anayeficha mgeni, akaniambia pole, akanipa maji baridi. Nguzo ya Vasco da Gama sikuiona siku ile. Nilirudi nyumbani nyuma ya pikipiki ya kaka yangu, naye hakusema neno moja njia nzima, na kumjua kwangu ni matusi hayo.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikaa Mayungu. Lakini kosa la kula chai ndefu halipaswi kumfikisha mtu hapo, na ndipo sheria inapoingia.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62(1)(l), inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kifungu kidogo cha 3 kinaiweka mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, chini ya usimamizi wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hivyo hakuna mwenye hati miliki ya ufuo. Ukiambiwa na mlinzi yeyote kwamba usitembee mbele ya hoteli au nyumba fulani, na wewe uko kwenye mchanga ambao bahari huufunika, amekosea.

Wengi wetu tunaishia hapo na kusema ufuo ni wetu. Tazama vizuri maneno yenyewe. Yanakupa ukanda unaolala sambamba na bahari. Hayasemi lolote kuhusu namna ya kuufikia kutoka barabarani, wala kuutoka. Zile njia za kukatiza kati ya ploti hutegemea ramani za upimaji: ardhi ya mstari wa kwanza inapogawanywa, njia huachwa na kuchorwa, nayo hubaki ya umma hata kama hakuna aliyeitumia kwa miaka kumi. Nyingine hazikuchorwa kamwe. Watu walipita tu kwa sababu mwenye shamba hakujali, na alipouza, aliyenunua alijali. Kwa macho njia hizo mbili hufanana. Kwa sheria ni vitu viwili tofauti, na huwezi kubishana na lango kabla hujajua ni ipi kati ya hizo.

Na ardhi hii ya umma ina tabia ya ajabu: mara mbili kwa siku haipo. Mahali pengine mtu akifungiwa njia anazunguka. Ufuoni siku ya bamvua, anayefunga njia anamfungia mtu baharini. Hilo linawahusu akina mama wanaookota pweza mwambani, na wavuvi wanaosukumwa na upepo mbali na bandari yao, kuliko linavyonihusu mimi niliyekuja na tende na leso mbili.

Nilikwenda ofisi ya ardhi nikaomba kuiona ramani ya eneo lile. Ilinichukua safari tatu. Kichochoro kimechorwa. Kiko pale, mistari miwili myembamba kutoka barabarani mpaka baharini, hakina nambari ya ploti. Nimeandika barua, nimeambatisha nakala, nimepigiwa muhuri wa kupokelewa.

Bamvua iliyofuata nilianza tena Watamu saa moja na nusu. Safari hii nilipiga picha ya kila njia ya kutokea, iliyo wazi na iliyofungwa, pamoja na saa. Mayungu nilimpelekea mzee sukari na majani ya chai, nikanywa kikombe kimoja nimesimama. Saa nane kasoro dakika kumi nilikuwa chini ya nguzo, viatu mkononi. Nilipopita mbele ya lango lile mchanga ulikuwa bado mpana kama uwanja wa mpira. Yule kijana alikuwa juu ya ukuta, akanipungia mkono. Kufuli lilikuwa palepale.